Kiraka cha Makalioni: Msuguano na Maisha ya Nguo ya Mwendesha Baiskeli

Katika wilaya ya Karagwe, na katika Kyerwa iliyokuwa sehemu yake hadi mwaka 2012, baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha safari. Mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na madumu ya maji hubebwa juu yake kuelekea Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo. Pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa ile ya kubeba abiria, lakini mkulima asiye na fedha ya petroli angali anategemea miguu yake. Nchi yenyewe ni ya vilima: mwenye mzigo hupanda akisukuma, naye hupanda kitini palipo tambarare. Kazi ya namna hiyo hula nguo, na suruali moja inunuliwapo kabla ya wakati wake, fedha yake hutoka katika fungu la chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Kujua jinsi nguo inavyokufa, basi, si jambo la fundi cherehani peke yake.

Ifahamike kwanza kwamba nguo haichakai yote kwa pamoja. Uzi wa pamba umefanywa kwa nyuzinyuzi fupi zilizosokotwa, na msokoto huo ndio unaozishika zisiachane. Kila kanyagio linapozunguka, mwili husogea kidogo juu ya kiti. Mtu akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, kitambaa kilicho kati ya mfupa na kiti kitakuwa kimesuguliwa mara 3,600 kwa saa moja. Katika kila msuguano nyuzinyuzi chache huchomoka au hukatika. Vumbi jekundu la barabarani huingia kati ya nyuzi na kufanya kazi ya msasa, kwa hiyo nguo iliyojaa vumbi huisha upesi kuliko iliyofuliwa. Jasho nalo huongeza madhara, kwa kuwa ngozi iliyolowa huvutana na nguo zaidi kuliko ngozi kavu. Hapo ndipo michubuko ya mapajani huanzia.

Sehemu zinazotangulia kufa ni tatu: makalioni, mapajani kwa ndani, na pindo la mguu wa kulia, upande wa mnyororo. Hii ya tatu huzuilika bila sindano. Ukanda mwembamba uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu hufungwa juu ya kifundo cha mguu, na suruali haitafunwi tena wala mpandaji haangushwi.

Kwa zile mbili nyingine, jambo kuu ni wakati. Watu wengi husubiri tundu. Yafaa suruali iinuliwe mbele ya jua kila baada ya kufuliwa: mahali ambapo mwanga unapenya kuliko kwingine ndipo tundu litakapotokea. Kitambaa kilichopungua unene lakini hakijatoboka bado kinaweza kushika mshono. Kilichokwisha kutoboka kimezungukwa na nyuzi dhaifu ambazo hazishiki kitu.

Kosa linalotendwa mara nyingi ni kuchukua kitambaa kipya, kinene, na kukishona kwa mishono ya karibukaribu juu ya nguo kuukuu. Kazi hiyo hupendeza machoni, na baada ya muda mfupi nguo hupasuka kandokando ya kiraka. Sababu ni mbili. Kitambaa kipya hakivutiki sawa na cha zamani. Mwili unapoinama, mvuto wote huhamia ukingoni, mahali ambapo nguo dhaifu inakutana na nguo imara. Tena kiraka cha pamba ambacho hakijapata kufuliwa hurudi, yaani hupungua urefu na upana, kikifuliwa mara ya kwanza, kikaikunja na kuivuta nguo iliyokizunguka. Na mstari wa matundu ya sindano yaliyosongamana hufanya kazi ile ile ya vitundu vilivyo kati ya stempu mbili za posta: huonyesha mahali pa kuchanika.

Kiraka kizuri hukatwa katika nguo yenye umri na unene unaokaribiana na ile inayotiwa kiraka. Huwa kikubwa kupita sehemu iliyochakaa, hata ukingo wake ukae juu ya kitambaa kizima, mbali na mifupa ya kukalia. Nyuzi zake za urefu, yaani mtande, huelekezwa sambamba na mtande wa suruali. Pembe zake huviringwa, kwa kuwa pembe kali hukusanya mvuto mahali pamoja. Nacho huwekwa kwa nje: mkunjo wa pindo ukikaa ndani utaichubua ngozi.

Hekima hii si ngeni katika nchi za Ziwa Victoria. Mafundi wa Buganda watengenezao nguo kwa gome la mti wa jamii ya mtini, ambao ufundi wao ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, huziba matundu ya gome kwa vipande vya gome lenyewe.

Siku hizi nguo nyingi za kazi ni mitumba, na mnunuzi hajui daima zimefanywa kwa nini. Achomoe uzi mmoja katika pindo na kuuchoma, akiushika kwa kibano. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, kisha hugeuka tone gumu. Poliesta hustahimili msuguano kuliko pamba, ila hunyonya jasho kidogo sana.

Iwapo miongoni mwa mitumba itapatikana kaptula ya kubana ya mashindano ya baiskeli, isidharauliwe hata kama imepauka. Ivaliwe ndani ya suruali ya pamba. Kwa kuwa hushikamana na mwili, msuguano hutokea kati ya nguo na nguo, na ngozi husalimika. Sponji yake iliyogandamana na kushika jasho la mtu mwingine ifumuliwe na kutupwa. Nyuzi zake za kunyumbuka, zilizovumbuliwa Marekani mwaka 1958 na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, huharibiwa na klorini ya dawa za kung'arisha nguo na kwa joto la pasi. Zikiisha kulegea hakuna fundi awezaye kuzirudisha.

Makalio ya suruali yakishindikana kabisa, miguu yake kwa kawaida ingali na nguvu chini ya magoti, nayo ndiyo ghala bora la viraka, kwani imefuliwa na kuanikwa pamoja na suruali yenyewe. Vipande vya pamba vinavyobaki hufaa kwa ngata na kwa kufutia mnyororo. Vya poliesta visitumiwe kushikia sufuria jikoni. Vikigusa moto huyeyuka na kunata juu ya ngozi, na jeraha lake huwa la kina kuliko lile la pamba inayoungua.