Mafunzo Matano Niliyopata Mezani: Dungeons & Dragons na Ugomvi wa Matoleo Yake

Wewe unayetaka kuanzisha meza yako ya Dungeons & Dragons utaulizwa swali hili kabla hujashika dadu: mnacheza toleo gani? Na ukijibu, hatakosekana wa kukwambia kwamba umechagua vibaya. Katika mchezo huu mtu mmoja huendesha kisa, wengine huwa wahusika ndani yake, na dadu huamua pale ambapo matokeo hayajulikani. Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Tangu hapo kanuni zake zimeandikwa upya mara kadhaa, na kila mara wachezaji wamegawanyika.

Mimi nimeucheza miaka mingi hapa Minnesota, kwao Arneson, pamoja na watu waliolelewa na matoleo tofauti. Nimewasikiliza wakibishana hadi usiku wa manane. Imani niliyotoka nayo ni kwamba kila toleo lina kitu linachokithamini kuliko vingine, na mwendesha mchezo anayejua meza yake inathamini nini hapotei. Haya ndiyo yaliyonifikisha hapo.

1. Anza na ukurasa unaoeleza malipo

Jioni moja tulicheza kwa kanuni za mwaka 1981, zile za sanduku la wanaoanza. Kundi lilikuta zimwi limeketi mlangoni mwa pango lenye hazina. Hakuna aliyechomoa upanga. Walinong'onezana, wakalirushia nyama upande wa pili, wakajipenyeza na kutoka na dhahabu. Miezi ilipita. Watu walewale wakaingia pango lilelile kwa kanuni za toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000, wakalivamia zimwi bila hata kushauriana.

Nilidhani ushujaa au uoga ni tabia ya mchezaji. Niliporudi vitabuni nikaona jibu. Katika kanuni za 1981, kila kipande cha dhahabu kilichofikishwa salama kilihesabiwa pointi moja ya uzoefu, huku zimwi lililouawa likileta pointi chache tu. Kupigana kulikuwa hasara. Toleo la tatu halikuwa na malipo hayo ya dhahabu, liliwalipa wachezaji kwa kushinda changamoto, na wengi wao wakaelewa kwamba changamoto hushindwa kwa vita.

Watu hufuata malipo. Ukitaka kulijua toleo haraka, usianze na michoro ya majoka wala orodha ya silaha. Tafuta mahali panapoeleza mhusika hupandaje daraja, utajua wachezaji wako watafanya nini usiku wa kwanza.

2. Muulize mtu alichezaje

Mzee mmoja wa meza yetu aliipenda mno AD&D, yaani Advanced Dungeons & Dragons, ambayo vitabu vyake vitatu vya msingi vilitoka kati ya 1977 na 1979. Alisema ugumu wa kanuni zile ndio uliowakomaza, na kwamba matoleo ya baadaye yamewadekeza watu. Tukamwomba atuendeshee. Nilifungua kitabu kwenye jedwali linaloonyesha kila silaha inafaa kiasi gani dhidi ya kila aina ya kinga, nikamsogezea. Alilitazama, akalifunika. "Hilo hatukulitumia kamwe," alisema. Wala hawakujali kasi ya silaha. Wala ule ukomo wa madaraja kwa wahusika wasio binadamu.

Alichokuwa akikitetea kwa miaka yote kilikuwa nusu kitabu, nusu maamuzi ya kundi lake la ujanani. Nimewauliza wengi baadaye, wa kila toleo, na majibu yamefanana sana. Watu wawili wanaobishana kuhusu kanuni moja huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuifuata.

Kwa hiyo anayekupigia debe toleo lake, mwombe akusimulie mkasa mmoja ambao hadi leo hajausahau. Sikiliza kilichomfurahisha: kutegua mtego kwa akili, au vita iliyopangwa vizuri, au mazungumzo na mfalme. Hicho ndicho cha kukipeleka mezani, na hupatikana katika zaidi ya kitabu kimoja.

3. Kasoro kwa mmoja ni dawa kwa mwingine

Hakuna toleo lililopigwa vita kama la nne, la mwaka 2008. Wazoefu walilalamika kwamba wahusika wote wamefanywa wa namna moja: mpiganaji na mchawi sasa wote walikuwa na uwezo wa kutumia wakati wowote, mwingine wa mara moja kwa kila pambano, na mwingine wa mara moja kwa siku. Wengi walihamia Pathfinder, mchezo uliotoka mwaka 2009 ukiendeleza kanuni za toleo la tatu.

Wakati huo alijiunga nasi mama mmoja ambaye hakuwahi kucheza. Alichagua kuwa mpiganaji. Kila zamu yake ilipofika alikuwa na la kuamua: amsukume adui hadi ukingoni, amkinge mwenzake, au atunze nguvu zake kwa baadaye. Aling'ara. Baadaye tulipojaribu toleo la zamani, zamu zake zikawa sentensi moja, "nampiga," kisha dadu, kisha kumngoja mchawi achague katika orodha yake ndefu. Akaniuliza kwa nini mchawi peke yake ndiye apewe nafasi ya kufikiri.

Swali lile lilinifungua macho. Kilichowaudhi wazoefu kilikuwa tiba ya tatizo ambalo wao hawakuwa nalo, kwa kuwa walishazoea, au kwa kuwa walipenda kuwa wachawi. Ukisikia toleo linalaumiwa, tafuta kwanza nani alikuwa akiumia kabla halijaja.

4. Pima uzito wa kifo kwa muda wa kumuumba mhusika

Katika kanuni za 1981, pointi za uhai zikifika sifuri umekufa. Mchawi anayeanza hutupa dadu ya pande 4 kupata pointi zake zote, hivyo kisu kimoja chaweza kummaliza. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, anayefika sifuri kwa kawaida huanguka na kuzimia, kisha hutupa dadu zamu kwa zamu. Akifaulu mara 3 kabla ya kushindwa mara 3, amenusurika. Wengi huona hapa ndipo palipo tofauti ya ukali na huruma.

Nilichokiona mezani kilikuwa tofauti. Kijana mmoja alifiwa na mchawi wake chumba cha kwanza kabisa, kwa kanuni za zamani. Nilitarajia anune. Akacheka, akachukua karatasi nyingine, na kabla chai haijapoa alikuwa na mhusika mpya. Mwenzake alimpoteza shujaa wa toleo la tatu, aliyemjenga jioni nzima kwa kuchagua ujuzi mmojammoja na kupanga mbele madaraja ambayo hatayafikia, akaondoka mapema bila kuaga.

Kifo huuma kadiri ya kazi iliyozikwa nacho. Ukitaka mchezo wa hatari, chagua kanuni zinazoumba mhusika kwa dakika chache. Ukitaka watu waandike historia ndefu za mashujaa wao, wape kanuni zinazowalinda, na mkubaliane hayo kabla ya dadu ya kwanza.

5. Toleo jipya halifuti la zamani

Januari 2023 niliona hofu ya kweli mezani kwetu. Habari zilienea kwamba mchapishaji wa mchezo huu anataka kubadili leseni huria ya mwaka 2000, ile iliyowaruhusu wengine kuandika michezo juu ya kanuni zake. Malalamiko yakawa makubwa, na kabla ya mwezi kwisha mchapishaji alirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons.

Leseni ile ya mwaka 2000 tayari ilikuwa imezaa mengi. Mwaka 2006 wapenzi wa AD&D waliitumia kutoa OSRIC, inayoziandika upya kanuni zile kwa maneno mapya. Nyingine zilifuata, na baadhi, kama Basic Fantasy, hupatikana bure mtandaoni. Ukiwa Morogoro au Minneapolis, hulazimiki kukimbizana na kila kitabu kipya, vikiwemo vile vilivyorekebishwa mwaka 2024. Kanuni za mwaka 1981 zinachezeka leo kama zilivyochezeka wakati ule.

Basi kabla ya kununua chochote, wakalishe wenzako uwaulize mambo matatu: tulipwe kwa kufanya nini, kifo kiwe karibu kiasi gani, na nani anakosa nafasi ya kufikiri. Majibu yao yatakuchagulia toleo. Kanuni isiyowafaa ibadilisheni bila kuomba ruhusa. Vijitabu vile vya mwaka 1974 vilifunga kwa kumhimiza msomaji aamue mwenyewe mambo yatakavyokuwa katika ulimwengu wake, na kati ya kanuni zote zilizochapwa tangu hapo, hiyo ndiyo ninayoitetea mbele ya yeyote.