Kabla ya Kununua Gari, Kaeni Chini Wawili



Tuchukue mfano. Ni Ijumaa jioni katika boma moja upande wa juu wa Runyenjes, karibu na mashamba ya chai. Honi inalia langoni. Watoto wanakimbia nje wakipiga kelele, "Baba amekuja na gari!" Mama anatoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Anatabasamu kwa ajili ya watoto. Lakini usiku, watoto wakiisha kulala, anauliza swali moja tu: "Baba watoto, pesa hizi zimetoka wapi?"

Zimetoka katika bonasi ya chai, na nyingine ni mkopo. Ndani ya bonasi hiyo ilikuwamo karo ya kijana wao aliye shule ya bweni. Tangu usiku huo hawazungumzi ila mambo ya lazima. Nalo gari, kabla ya mwezi kwisha, limelala gereji.

Hatusemi kwamba gari ni anasa. Anayeishi upande wa Rukuriri anajua barabara za ndani zinavyokuwa wakati wa mvua ya masika. Anajua pia maana ya kumtafutia mgonjwa usafiri saa nane za usiku ili afike hospitali ya misheni ya Kyeni. Gari ni msaada mkubwa, na hata mwenye kipato kidogo anaweza kupata lililotumika, la bei nafuu, lenye kudumu. Neno letu la leo ni hili: kulinunua ni kazi ya watu wawili. Anayelinunua peke yake, hata akipata bei nzuri, amelipa ghali.

1. Kubalianeni gari ni la kazi gani

Swali la kwanza lisiwe "gari gani?" Liwe "la kazi gani?" Je, ni la kumpeleka mmoja wenu kazini Embu kila siku? Ni la kubeba ndizi na maziwa sokoni? Au ni la kwenda Misa na kuwatembelea wazazi? Kila mmoja aandike majibu yake kwenye karatasi yake, kisha mzilinganishe. Mara nyingi mtagundua kwamba baba alikuwa anawaza gari la kupendeza na mama alikuwa anawaza nafasi ya magunia. Ni heri kugundua hayo mezani kuliko barabarani.

2. Wekeni hesabu yote mezani

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akakaa kwanza akapiga gharama asije akachekwa. Nanyi fanyeni hivyo. Wekeni mezani mshahara, malipo ya chai ya kila mwezi, bonasi, malipo ya kahawa, na madeni yote. Hata lile deni ambalo mwenzako halijui, litaje sasa.

Tuseme mna shilingi 400,000. Msitafute gari la shilingi 400,000. Tengeni sehemu moja ya tano, yaani shilingi 80,000, kwa ajili ya bima, ada ya kubadilisha umiliki, kumwaga oili, na matairi au betri ambayo karibu kila gari kuukuu hudai mapema. Gari lenu basi ni la shilingi 320,000. Likikosekana la bei hiyo lililo zima, subirini mavuno mengine.

Mkikopa, ulizeni riba inahesabiwaje. Mkopo wa shilingi 200,000 kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, utalipwa shilingi 9,415 hivi kila mwezi, na riba yote itakuwa karibu shilingi 26,000. Mkopeshaji mwingine akitoza asilimia 5 kwa mwezi juu ya deni lote la mwanzo, kwa muda ule ule, riba ni shilingi 240,000. Hapo mmenunua gari mara mbili na zaidi, nanyi mnaendesha moja. Kumbukeni pia wadhamini wenu katika chama cha akiba na mikopo. Mkishindwa kulipa, ni akiba ya jirani au ya mwalimu mwenzako inayokatwa.

Kisha pigeni hesabu ya mwezi. Mtu akienda Embu na kurudi, kilomita zisizopungua 40, kwa siku 22, ni kilomita 880. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litahitaji lita 73 hivi. Zidisheni kwa bei ya petroli, ambayo EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, halafu mlinganishe na nauli ya matatu. Huenda mkaona kwamba gari ni la siku za Jumapili na za dharura tu. Hilo nalo ni jibu.

3. Chagueni gari ambalo fundi wa karibu analijua

Gari la watu wenye mfuko mdogo ni lile ambalo spea zake zinapatikana Embu bila kuagizwa mbali, na fundi wa Runyenjes amekwisha kulifungua mara nyingi. Ndiyo maana barabarani kwetu mnaona Toyota Probox, Toyota Corolla na Nissan AD kwa wingi. Si magari ya fahari, lakini yakiharibika yanatengenezeka.

Msidanganywe na herufi za namba. Namba za KBA zilianza mwaka 2007, na za KDA mwaka 2020. Herufi hizo huonyesha gari liliandikishwa Kenya lini. Hazionyeshi lilitengenezwa lini. Kenya hukubali kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo gari lililoandikishwa hapa mwaka 2015 huenda lilianza kutumika Japani mwaka 2008. Someni mwaka wa kutengenezwa katika kitabu cha gari.

4. Likagueni mchana, mkiwa na fundi wenu

Mlipeni fundi wenu wenyewe. Msitumie yule anayeletwa na dalali. Nendeni wote wawili, asubuhi, siku isiyo na mvua, kwa maana maji huficha makwaruzo ya rangi.

Gusa boneti kabla ya injini kuwashwa. Ikiwa na joto, muuzaji ameiwasha mapema, labda ili kuficha kwamba huwaka kwa shida asubuhi. Gari likiwaka, tazama moshi. Wa buluu maana yake injini inakula oili. Mweupe mzito usiokoma huonyesha maji yanaingia ndani ya injini. Mweusi ni petroli inayopotea bure. Injini ikiisha kupoa, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji na oili huenda vimechanganyika, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwisha. Gari la namna hiyo liacheni.

Tairi lililolika upande mmoja hutangaza matatizo ya chini. Rangi ya mlango isiyofanana na ya ubavu hutangaza ajali. Kilomita zikisoma chache huku pedali za breki zimelika hadi chuma, saa imerudishwa nyuma. Ulizeni mkanda wa taiming, kama injini ni ya mkanda, ulibadilishwa lini, kwani ukikatika unaweza kuiua injini nzima.

Mwishowe lipandisheni mlima. Msiridhike na lami tambarare ya mjini. Litoeni kwenye barabara kuu ya Embu na Meru, mlipandishe kuelekea kwenye chai, nyote mkiwa ndani. Mshale wa joto ukipanda au gia zikisita, mlima umewaambia ukweli ambao dalali hakuwaambia.

5. Karatasi kabla ya pesa

Kwa njia ya eCitizen, NTSA hutoa rekodi ya gari kwa ada ndogo. Linganisheni jina la mwenyewe na kitambulisho cha anayeuza, na namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Angalieni kama kuna mkopeshaji mwenye haki juu ya gari hilo. Iko pia daftari ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2017, ambamo gari lililowekwa rehani linaweza kutafutwa.

Andikeni mapatano mbele ya shahidi, na lipeni kwa benki ili ushahidi ubaki. Muuzaji ndiye huanzisha ubadilishaji wa umiliki katika akaunti yake, na mnunuzi huukubali katika yake. Msikubali kuambiwa, "Nenda tu, tutabadilisha baadaye." Wala msilitie barabarani kabla ya kupata walau bima ya mtu wa tatu, maana sheria inaidai.

6. Jina ni moja, lakini jasho ni la wawili

Mara nyingi kitabu cha gari huwa na jina moja. Mwenye jina asijidanganye kwamba basi gari ni lake peke yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba ni mchango, sawa na pesa. Mama aliyechuma chai ile asubuhi za baridi alikuwa ananunua gari hilo kikapu kwa kikapu. Kanisa lilikuwa limekwisha kuwafundisha hilo siku mlipopeana ahadi mbele ya altare.

Kwa hiyo kubalianeni mapema: nani ataendesha, ndugu na majirani wataazimwa kwa masharti gani, na nani anatunza akiba ya matengenezo. Asiyejua kuendesha ajifunze, kwa maana ugonjwa haungoji mwenye leseni arudi nyumbani.

7. Na kama limekwisha kununuliwa kwa siri?

Turudi katika lile boma letu. Mume asijitetee kwa kusema, "Nililinunua kwa ajili yenu." Alete karatasi zote mezani: ya mkopo, ya gereji, ya muuzaji. Aseme, "Mama watoto, nilikukosea, nilikuficha." Naye mke, akiisha kusema uchungu wake wote, asiendelee kulitaja kila honi inapolia. Kisha waamue pamoja jambo la kwanza, nalo ni karo ya kijana. Ikibidi gari liuzwe ili arudi shule, na liuzwe. Kijana atasahau gari. Hatasahau alivyowaona wazazi wake wakiketi tena meza moja.

Ya kujadiliana nyumbani wiki hii

Je, mwenzangu anajua madeni yangu yote? Ni kiasi gani cha pesa ambacho hakuna kati yetu atakayekitumia bila kumwuliza mwenzake? Kama tungepata gari kesho, safari yake ya kwanza ingekuwa ya kwenda wapi? Kila mmoja ajibu kwanza peke yake, halafu msomeane mlichoandika.