Kuitambua Sime na Jambia

Kiamaiko, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, hujulikana sana kwa soko lake la mbuzi na machinjio yake. Wanyama wengi huletwa kutoka kaskazini mwa Kenya, na watu wa makabila mengi hukutana hapo. Mahali kama hapo ni vema mtu ajue silaha za jadi zilikotoka, na pia ajue mwisho wa elimu hiyo.

Kwanza hutazamwa umbo. Sime ya Wamasai ina makali pande mbili. Ni nyembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea ncha. Mpini umevikwa ngozi, wala hauna kikingio cha mkono. Ala ni ya mti uliofunikwa ngozi, aghalabu nyekundu. Sime ya Wakikuyu hufanana nayo sana, hata mjuzi huweza kuzichanganya. Jambia la Wasomali ni fupi, limenyooka, bapa lake ni kama jani, na mpini wake ni wa pembe. Waturkana wana kisu cha duara kivaliwacho kwenye kifundo cha mkono, na makali yake hufunikwa kwa ngozi. Jambia la Omani limepinda, na ala yake yenye mapambo ya fedha imepinda zaidi. Ndilo lililomo katika bendera ya nchi hiyo tangu mwaka 1970.

Lakini chuma husafiri. Sime nyingi zilifuliwa kwa tupa au panga kuukuu lililotoka ng'ambo. Kwa Wamasai kazi hiyo ilikuwa ya wahunzi waitwao Il-Kunono, si ya kila mtu. Kisha sime huuzwa, hurithiwa, na huibwa. Mlinzi wa usiku aweza kuvaa sime ya Kimasai, naye si Mmasai hata kidogo.

Basi, umbo la silaha huonyesha ufundi ulikoanzia, halimtaji aliyeishika. Katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu wengi wa Nairobi walidhuriwa kwa sababu ya kabila lao tu. Kwa hiyo, sime ikiokotwa mahali palipotendeka uovu, isiguswe, polisi waitwe. Anayepaza sauti kulitaja kabila fulani kwa kuiona ala tu hajamtambua mwovu. Huenda amemponza jirani asiye na hatia.