Masikio ya Waliopigana Kagera

Vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978, ikaisha 1979. Wanamgambo wengi walitoka vijijini, wakarudi kushika jembe. Sasa ni wazee. Mzee wa namna hiyo ukimwita haitiki, watu husema ana maringo. Kumbe ni mzinga! Mshindo mkubwa huua chembe ndogo ndani ya sikio, nazo hazioti tena. Wengine hushtuka usiku.

Utafiti ni kuuliza, kupima na kuandika. Taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, iliundwa mwaka huohuo wa 1979, na ina kituo Mwanza. Tunataka serikali iipe fedha ipime wazee hawa hukuhuku Maganzo, wangali hai. Bajeti husomwa Bungeni Juni. Mbunge akija, tumwambie kabla.