"Imepungua kwa Asilimia 40": Hesabu Hii Imetoka Wapi?

Umewahi kusikia redioni kwamba ugonjwa fulani "umepungua kwa asilimia kadhaa", ukaitikia tu? Safari hii tusikubali kirahisi. Chukua kalamu na karatasi, tupige hesabu wenyewe.

KILICHOFANYIKA MWANZA

Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa NIMR na AMREF, pamoja na wenzao kutoka London, walifanya utafiti katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, nyingine zikiwa kandokando ya Ziwa Victoria. Katika jamii 6, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kama kisonono na kaswende. Dawa zilipelekwa, na wanakijiji walihimizwa kuwahi matibabu. Jamii 6 nyingine ziliendelea na huduma ya kawaida. Je, kutibu zinaa kungepunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI?

Walifuatilia watu ambao mwanzoni hawakuwa na virusi. Baada ya miaka miwili, matokeo yalikuwa haya:

Huduma ya kawaida: watu 82 kati ya 4,400 waliambukizwa.
Huduma iliyoboreshwa: watu 48 kati ya 4,149 waliambukizwa.

TUPIGE HESABU

Usikimbilie 82 na 48, maana makundi hayalingani kwa idadi.

1. Tafuta kiwango cha kila kundi:
82 ÷ 4,400 × 100 = 1.86
48 ÷ 4,149 × 100 = 1.16

2. Tafuta tofauti:
1.86 – 1.16 = 0.70

3. Gawanya tofauti kwa kiwango unacholinganishia, yaani kile cha huduma ya kawaida, kisha zidisha kwa 100:
0.70 ÷ 1.86 × 100 = 37.6

Umeona? Ni karibu asilimia 38. Watafiti walipozingatia pia tofauti nyingine kati ya jamii hizo, walipata 42. Ndiyo maana matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 hutajwa kuwa "kama asilimia 40".

HAPA WENGI HUTELEZA

Asilimia 38 haina maana kwamba katika kila watu 100, watu 38 waliokolewa. Hebu fikiria watu 1,000. Kwa huduma ya kawaida wangeambukizwa kama 19, kwa huduma bora kama 12. Watu 7 wamepona janga, na hilo si jambo dogo. Lakini wale 12 je? "Imepungua" siyo "imekwisha".

Kwa hiyo, ukiona kidonda au usaha sehemu za siri, au ukisikia maumivu wakati wa kukojoa, usione aibu na usinunue dawa kiholela dukani. Nenda zahanati mapema, na mwenzako atibiwe pia. Lakini kutibiwa zinaa peke yake hakutoshi. Kusubiri, au kutumia kondomu kila mara, na kupima virusi bado ni muhimu.

JIPIME

Tuseme shule yenye wanafunzi 500 ilikuwa na wagonjwa 60 wa malaria muhula uliopita. Muhula huu, kwa wanafunzi walewale, ni 45.

(a) Wamepungua kwa asilimia ngapi?
(b) Wakirudi kuwa 60, wameongezeka kwa asilimia ngapi?

Majibu: (a) 15 ÷ 60 × 100 = 25. (b) 15 ÷ 45 × 100 = 33.3. Watu ni 15 walewale, ila namba ya kugawanyia imebadilika. Kwa hiyo ukisikia "asilimia", uliza kwanza: asilimia ya ngapi?