KAA MUKUBWA WA MU FILME NA KAA WA KWELI WA BIKINI
(Somo la fizika pamoja na historia, kwa madarasa yote)



Siku ya posho moja nilipita karibu na sali ya video hapa mu komini yetu ya Kenya. Watoto walijaa mpaka mulangoni. Ndani walikuwa wanaonyesha filme ya zamani, ya nyeupe na nyeusi: kaa mukubwa sawa nyumba anakula wataalamu mu kisiwa. Kisha siku mbili, mwanafunzi mumoja akanyoosha mukono mu darasa, akauliza:

– Mwalimu, ile kaa iko ya kweli? Juu bantu banasema majiwe ya Shinkolobwe inafanya banyama banakuwa bakubwa vile.

Wenzake wakacheka sana. Mimi sikucheka. Katika ulizo lake mulikuwa kosa moja na ukweli moja, na ule ukweli wengi wetu hatuujui, hata sisi wenye kuzaliwa hapa. Njo maana ninaandika somo hili.

Tuanze na filme yenyewe. Ni Attack of the Crab Monsters, ya mwaka 1957, kazi ya Mwamerika Roger Corman. Ilitengenezwa kwa dola 70.000 hivi, ambayo kwa watu wa sinema wa Amerika ilikuwa kama makuta ya kununua karanga. Inadumu karibu saa moja tu. Wataalamu wanafika mu kisiwa cha Bahari ya Pasifiki kuchunguza mambo ya mabomu ya atomu yaliyojaribiwa upande ule. Ndege yao inalipuka, redio yao inavunjwa, na kisiwa kinaanza kubomoka kidogo kidogo ndani ya maji. Kaa wanakula vichwa vya watu, na kisha wanasema kwa sauti za wale waliokufa.

Juu ya nini watu wenye feza kidogo wanapenda kisiwa? Fikirini vizuri. Kama filme yako iko mu muji, unapaswa kulipa watu mia wakimbie mu barabara, unapaswa kuwa na motokari, polisi, nyumba za kuvunja. Kwenye kisiwa hakuna kitu. Watu nane wanatosha. Pwani ni ya bure, na pwani ile ya Corman ilikuwa ya California, si ya Pasifiki ya mbali. Tena hakuna ulizo la “kwa nini hawakimbii?”, kwani mutakimbilia wapi? Na kwa kaa kusema kwa sauti ya marehemu, mimi naona ni akili kabisa: kutembeza kaa wa kutengenezwa ni kazi ngumu na ya bei, lakini sauti haina bei. Unaonyesha gando moja kwenye giza, unaweka sauti, na mutoto wa Kenya halali usiku muzima.

Filme zingine ziko nyingi, nitapita mbio. King Kong ya 1933 haikuwa ya bei ndogo, lakini ndiyo iliyofundisha wengine wote: kisiwa kisichojulikana, ukungu, nyama ya kutisha. Yule soko mutu mukubwa alikuwa sanamu ya karibu sentimetre 45. Walimusogeza kidogo, wanapiga picha, wanamusogeza tena, na kwa kila segonde ya filme picha ni 24. Wajapani wao waliweka mutu ndani ya nguo nzito ya mpira: ni Godzilla wa 1954, na mu 1967 wakamupa na mutoto wake, mu kisiwa cha joto. Huko Philippines walifanya Brides of Blood mu 1968, tena kisiwa, tena mabomu ya atomu karibu, tena wanakijiji wanaotoa wasichana wao kwa zimwi. Hapo nakasirika kidogo. Katika filme hizi mwenye kisiwa iko mutu wa kupiga ngoma na kuogopa tu. Jina hana, neno la akili hana. Ngojeni, nitarudi hapo.

Sasa fizika. Kalamu mukononi.

Kuna kaa wa kweli anayepanda minazi. Anaishi mu visiwa vya Pasifiki na vya Bahari ya Hindi, hata karibu na Unguja, mu kisiwa cha Chumbe. Ndiye mukubwa kuliko wadudu wote wa jamaa yake wanaokaa inchi kavu: anafika kilo 4, na miguu yake ikinyooshwa inafika metre moja hivi. Tumukuze mara 10, sawa vile mu filme. Urefu: metre 10. Uzito je? Mwili unakua kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, basi ni 10 × 10 × 10, mara 1.000. Kaa wetu sasa iko na kilo 4.000, tani ine. Lakini nguvu ya muguu haifuati uzito. Inafuata unene wa muguu ukiukata kama muwa, na ule unene umekua 10 × 10, mara 100 tu. Basi kila sentimetre ya muguu inabeba mara 10 kuliko zamani. Kama wewe mwenyewe uko na kilo 50, ni kama kukuambia utembee na kilo 450 ku mugongo, asubuhi mpaka mangaribi, pamoja na kulala nazo.

Na kuna jambo baya zaidi kwa yule kaa. Ili akue, anapaswa kuvua gamba lake, na kwa siku ngapi mwili wake unabaki laini. Kaa mudogo anajificha mu shimo, anangoja. Kaa wa tani ine bila gamba angebonyea chini kama fufu iliyozidi maji. Galileo alikwisha kueleza kanuni hii mu kitabu cha mwaka 1638, miaka mia tatu mbele ya Corman. Kwa hiyo jibu la kwanza: hapana, ile kaa haiko ya kweli, na haiwezi kuwa.

Lakini kisiwa kiko cha kweli. Jina lake ni Bikini.

Siku ya Mungu, tarehe 10 Februari 1946, watu wa Bikini walikuwa wametoka kanisani. Walikuwa Waprotestanti kama sisi, Injili ilifika kwao na wamisionere toka Amerika. Mukubwa wa jeshi la majini la Amerika, Ben Wyatt, akawaomba waache kisiwa chao kwa muda, wapate kujaribu bomu kwa faida ya watu wote na kumaliza vita vya dunia. Akawafananisha na wana wa Israeli walioongozwa mpaka inchi ya ahadi. Mufalme wao, Juda, akajibu kwamba watakwenda, wakiamini kwamba yote iko mikononi mwa Mungu. Mu mwezi wa tatu Waamerika walileta vyombo vya sinema, wakawaomba warudilie yale maongezi mbele ya kamera, tena na tena, mpaka picha itoke nzuri. Munaona? Ile pia ilikuwa filme ya kisiwa. Lakini wenye kisiwa walikuwa na majina.

Watu 167 wakapelekwa Rongerik, kisiwa chenye chakula kidogo. Wakapata njaa kali. Mu 1948 wakahamishwa tena, mpaka kisiwa cha Kili. Huku nyuma, toka 1946 mpaka 1958, mabomu 23 yalilipuka kule Bikini. Lile la tarehe 1 Machi 1954 lilikuwa na nguvu karibu mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Majivu yake yakaanguka juu ya watu wa kisiwa cha Rongelap, na juu ya mashua ya wavuvi 23 wa Japani. Mumoja wao, mwenye kazi ya redio, akakufa mu Septemba. Mu Novemba ya mwaka ule ule Wajapani wakatoa filme ya Godzilla, nyama anayeamushwa na bomu. Kwa hiyo musizanie kwamba filme hizi zilitoka bule mu kichwa cha mutu. Zilitoka mu woga wa kweli, hata kama wengine kisha waligeuza ule woga kuwa bishara.

Na kaa? Hapa njo pa kushangaza. Watu wachache wa Bikini waliporudi nyumbani miaka ya 1970, walikatazwa kula kaa wa minazi. Kaa hakukuwa mukubwa. Alikuwa kaa wa siku zote, kilo zake ni zile zile. Lakini kaa huyu akivua gamba anakula lile gamba lake la zamani, na ndani ya gamba mulikuwa sumu ya bomu, strontiamu. Basi kila mwaka sumu ile ilikuwa inarudi ndani ya mwili wake. Mu 1978 watu wenyewe wakapimwa, wakakutwa nayo mu miili yao, wakaondolewa tena. Corman alituonyesha kaa wa kutisha kwa ukubwa. Kaa wa kweli alitisha juu hakubadilika hata kidogo, na mama akimupika mu chungu hajui kitu.

Sasa ule ukweli uliokuwa mu ulizo la mwanafunzi.

Shinkolobwe iko karibu kilometre 20 toka Likasi. Mwingereza Robert Sharp alivumbua majiwe yake mu 1915. Union Minière ilichimba kule kwa kutafuta radiumu, iliyouzwa bei kali kwa hospitali, na uraniumu haikuwa na maana kubwa wakati ule. Lakini mu inchi zingine nyingi madini haikufika hata sehemu moja juu ya mia ya uraniumu. Ya Shinkolobwe ilifika mpaka 65 juu ya mia. Mu 1940 mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, akaagiza karibu tani 1.200 zipelekwe New York, zikawekwa Staten Island (tazameni, hata hapa kisiwa). Mu Septemba 1942 jeshi la Amerika likazinunua. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka mu udongo huu wetu. Na mu miaka iliyofuata, Kongo ilikuwa mwenye kuuzia Amerika uraniumu kuliko wengine. Basi mwanafunzi wetu hakukosea kusema Shinkolobwe na zimwi la filme ni jamaa.

Alikosea tu kazi ya mionzi. Mionzi haikuzi nyama. Mionzi inavunja vunja maandishi madogo mu mwili, yale yanayoambia kila chembe igawanyike namna gani. Chembe nyingi zinakufa. Nyingine zinapona vibaya, na kisha miaka kumi ao makumi mawili zinakuwa kansere. Mu mashimo ya uraniumu kuna tena hewa inayoitwa radoni, haina harufu, haina rangi, mutu anaivuta na inaharibu mapafu. Hakuna sauti, hakuna gando. Njo maana hakuna mutu anaweza kuifanyia filme nzuri.

Shinkolobwe ya kampani ilifungwa mu 1960. Lakini watu walirudi kuchimba kwa mikono, wakitafuta kobalti. Mu Januari 2004 serikali ikakataza, na mu Julai ya mwaka ule shimo likaanguka, wachimbaji wakakufa. Ninajua ndani ya darasa letu kuna wenye baba na kaka wachimbaji. Siwaandikii niwahukumu, najua bei ya unga. Nawaomba kitu kimoja: jiwe zito, jeusi, ao lenye rangi ya manjano na majani inayongaa, kutoka upande ule, lisiwekwe mu nyumba, lisilaliwe chini ya kitanda, watoto wasilichezee. Mikono na nguo zioshwe mbele ya kula. Mu mwaka uliopita mwanafunzi mumoja aliniletea jiwe namna ile, limefungwa mu karatasi ya dafutari, zawadi kwa mwalimu wa fizika. Nilimushukuru, kisha tukaenda wawili kulitoa mbali na darasa, na nikamuambia baba yake.

ZOEZI

1. Kuku mwenye kilo 2 anakuzwa mara 5 kwa kila upande. Tafuta uzito wake mupya. Kila sentimetre ya miguu yake inabeba mara ngapi kuliko zamani?

2. Radiumu inapunguka nusu kila miaka 1.600. Ukiwa na grama 8, itapita miaka mingapi ibaki grama 1?

3. Uliza muzee mumoja wa kwenu aliyetumika Union Minière ao Gécamines: mu kazi yao, nani aliwaeleza juu ya vumbi, na kwa maneno gani? Andika nusu ukurasa. Usitie jina lake kama hataki.

Majibu yawekwe mu kisanduku cha gazeti, mulangoni mwa biro ya walimu. Majibu ya ulizo la tatu, mazuri kuliko mengine, tutayapiga mu namba inayofuata.