Tiba ya kugonga kwa vidole: Je, siku mbili zamtosha mtibabu wa kiwewe?

MWEZI uliopita alifika kliniki kwangu mshauri nasaha mmoja, mama wa makamo anayewahudumia waumini wa kanisa lake hapa mjini. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na tangazo la mafunzo ya siku mbili, ambayo mwishoni mwake angepewa cheti cha kutibu watu wenye kiwewe kwa kuwagonga sehemu fulani za mwili kwa ncha za vidole. Karo ilikuwa sawa na kodi yake ya nyumba ya miezi miwili. Aliniuliza swali moja tu: "Daktari, hii ni dawa ama ni mchezo?"

Nilimwahidi jibu kamili. Kwa kuwa najua wapo wasomaji wengine wenye swali kama lake, nalijibu hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Kiwewe ninachozungumzia si huzuni ya kawaida wala hofu ya siku chache. Mtu aliyenusurika shambulio, ajali mbaya au ubakaji huweza kukaa miezi, hata miaka, akiliona tukio lile kana kwamba linatendeka leo. Huota ndoto za kutisha, hushtuka mlango ukibamizwa, huepuka barabara, watu na hata harufu inayomkumbusha siku ile. Usingizi hupotea, hasira huja upesi, na jamaa nyumbani husema tu kwamba amebadilika. Nairobi inawajua watu hawa. Bomu la Agosti 7, 1998 liliua watu 213 katika jiji hili. Zikafuata ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Westgate mwaka wa 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015. Wanaoporwa kwa visu vichochoroni hawahesabiwi hata magazetini.

Tiba ya kugonga ilianzia Marekani. Roger Callahan, mwanasaikolojia wa California, alisimulia kwamba mnamo 1980 alikuwa na mgonjwa mwanamke aliyeogopa maji kupita kiasi. Siku moja alimgonga chini ya jicho, mahali ambapo waganga wa Kichina husema pana mkondo wa nishati unaohusiana na tumbo, na hofu ikaisha papo hapo. Kutokana na kisa hicho alijenga tiba nzima. Mgonjwa hulifikiria jambo linalomtesa, hutaja uzito wake kwa namba hadi 10, kisha hugongwa au hujigonga mwenyewe kwa mpangilio maalumu: kwenye nyusi, chini ya jicho, chini ya kwapa, kwenye mtulinga. Katikati huzungusha macho, huhesabu na kuimba wimbo kwa mdomo uliofumbwa. Mwanafunzi wake, Gary Craig, aliyesomea uhandisi, aliufupisha utaratibu huo katika miaka ya 1990 ukawa mmoja wa kutumika kwa kila shida.

Callahan alidai kwamba mpangilio wa kugonga ni kama namba za siri za kufuli, ukikosea haifunguki. Ngazi ya juu kabisa ya mafunzo yake, ambapo mtibabu hujifunza kuupata mpangilio wa mgonjwa kwa kusikiliza sauti yake kwenye simu, iliuzwa kwa hadi dola 100,000. Monica Pignotti, aliyekuwa mmoja wa waliofundishwa ujuzi huo, aliamua kuupima. Katika matokeo aliyochapisha mwaka wa 2005, watu 66 waligawanywa: wengine walipewa mpangilio uliotokana na sauti zao, wengine mpangilio wa kubahatisha tu. Nafuu waliyoipata haikutofautiana. Kabla ya hapo, mwaka wa 2003, watafiti wa Canada walikuwa wamechapisha jaribio la wanafunzi 119 wenye hofu mbalimbali. Kundi moja liligonga sehemu zinazofundishwa, jingine sehemu zisizofundishwa, na jingine likagonga mwanasesere. Makundi yote matatu yalipungukiwa na hofu. Hata waliogonga mwanasesere!

Kwa hivyo nadharia ya nishati siikubali. Hakuna chombo kilichoipima mikondo hiyo, na majaribio yanaonyesha kuwa mahali pa kugonga hapana maana. Lakini msomaji asikimbilie kucheka, maana hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Watu hao walipata nafuu ya kweli. Kulikumbuka tukio la kutisha kidogo kidogo ukiwa mahali salama, mwili ukiwa na kazi ndogo ya kufanya, mbele ya mtu mpole anayekuamini, ni tiba. Mbinu zinazoheshimika zaidi za kutibu kiwewe zinatumia kanuni hiyo hiyo ya kulikabili tukio badala ya kulikwepa.

Jirani zetu wamejaribu pia. Nchini Rwanda, matokeo ya 2011 yalihusu manusura 145 wa mauaji ya kimbari ya 1994, waliohudumiwa na viongozi wa jamii waliofunzwa kugonga. Nchini Uganda, wilayani Kasese, wahudumu wa jamii 36 walifunzwa kwa siku mbili tu, kisha wakahudumia watu wenye dalili za kiwewe. Taarifa yake ilitoka mwaka wa 2016. Pande zote mbili waliotibiwa walionekana nafuu kuliko waliosubiri zamu yao.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Kulinganishwa na mtu aliyesubiri ni mtihani mwepesi, kwani kiwewe pia hupungua chenyewe. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008. Wakimbizi wenzao, wasio madaktari, walifunzwa kwa muda wa wiki sita. Baadaye, asilimia 70 ya waliosaidiwa kusimulia maisha yao kwa utaratibu maalumu hawakuwa tena na maradhi hayo, na asilimia 65 ya waliopewa ushauri wa kawaida. Miongoni mwa waliofuatiliwa tu bila kutibiwa, asilimia 37 nao walikuwa wametoka katika hali hiyo. Sasa fikiria mtibabu wa siku mbili aliye na wagonjwa kumi kama hao. Karibu wanne wangepona bila yeye, na kila mmoja angemshukuru.

Mwaka wa 2018 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba haikuipendekeza mbinu ya Craig. Iliiweka katika orodha ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Naona ni hukumu ya haki.

Sisemi haya kwa kuwadharau wasio madaktari. Hapa Nairobi, katika utafiti wa 2017, wahudumu wa afya wa jamii waliwasaidia wanawake waliopatwa na shida, wengi wao wakiwa wamedhulumiwa kijinsia, kwa vikao vitano vilivyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Walipata nafuu kuliko wenzao waliopelekwa kwa wauguzi kupewa ushauri. Na udaktari wenyewe haukunizuia kukosea. Mapema 2008 nikiwa bado katika mafunzo ya kazi, nilimhudumia mama aliyechomewa nyumba. Hakuwa akilala. Nikamwandikia diazepamu, nikamwita mgonjwa afuataye. Alirudi kwa tembe zaidi, tena na tena, na hakuna siku niliyomuuliza aliona nini usiku ule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unakataza dawa za aina hiyo kwa watu wazima katika mwezi wa kwanza baada ya mkasa.

Kinachonitia hofu kuhusu kozi fupi ni kile kinachoachwa nje. Mgonjwa akianza kutetemeka na kulia katikati ya kikao, utafanya nini? Akikuambia anafikiria kujiua, utampigia nani simu? Mtoto akitaja kwamba aliyemdhuru bado analala nyumba moja naye, kugonga nyusi kutamsaidia nini? Hayo hufunzwa kwa miezi, chini ya msimamizi anayekaa nawe baada ya kila kikao kigumu. Tena, sheria ya Kenya ya 2014 inataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe, na cheti cha semina si usajili.

Wewe msomaji unayejigonga mwenyewe nyumbani na kuona moyo umetulia, endelea. Sijui madhara yake. Ila usiache dawa ulizoandikiwa. Ikiwa mwezi umepita tangu mkasa na bado hulali au huwezi kurudi kazini, nenda hospitalini ukaombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Mawazo ya kujiua yakikujia, nenda leo.

Mama yule nilimtuma awaulize wenye kozi swali moja kabla ya kulipa: nani atamsimamia baada ya siku ya pili? Walimjibu kuwa kutakuwa na kikundi cha WhatsApp. Nimemwelekeza kwa mwanasaikolojia ninayemfahamu, ambaye hukutana na washauri wa makanisa mara mbili kwa mwezi.